Mama, mwavuli si mkongojo

Msomaji, ukitaka kujua ni wanawake wangapi jijini Nairobi wanaohitaji mkongojo lakini hawataki kuushika, usiende hospitalini. Simama nje ya kanisa au benki mwezi wa Januari, jua likiwa kali na mbingu haina hata wingu moja, uwatazame akina mama wa makamo waliobeba miavuli mirefu. Utaona jinsi mwavuli unavyotangulia kugusa chini kabla ya mguu. Utaona mkono unavyoukaza pale penye ngazi. Mwavuli huo haukubebwa kwa ajili ya mvua, wala kwa ajili ya jua, maana haufunguliwi kamwe.

Mimi ni daktari wa kawaida, wa kutibu homa, presha na maumivu ya tumbo. Kwa miaka mingi niliiona miavuli hiyo ikiingia katika chumba changu na sikuijali. Mmoja kati ya waliokuwa wakija nayo alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke nadhifu sana, ambaye goti lake la kulia lilikuwa limelika gegedu hata mfupa ukawa unasuguana na mfupa. Nilimwandikia mkongojo. Aliununua, ule wa alumini ya kijivu wenye mpini wa plastiki, akaufikisha nyumbani na kuuweka nyuma ya mlango. Aliporudi kwangu baada ya miezi mitatu, mkononi alikuwa na mwavuli wake mweusi. Tena aliushika kwa mkono wa kulia, upande uleule wa goti bovu, nami nikaona nisiseme kitu. Nilimuuliza tu mkongojo uko wapi.

"Daktari mwanangu, ile ni fimbo ya hospitali," akaniambia. "Nikiingia nayo harusini watu watasema Mwalimu amekwisha."

Nilicheka. Nilimwambia kwamba goti halijui kama liko harusini au kliniki, na kwamba yeye si msichana tena wa kuhangaikia urembo. Niliona nimesema jambo la busara. Majuma sita baadaye mwavuli ulimteleza juu ya sakafu ya vigae iliyokuwa imetoka kupigwa deki, akaangukia ubavu, na nyonga ikavunjika.

Tangu wakati huo nimekuwa na maoni ambayo najua baadhi ya madaktari wenzangu watayaona ya kipuuzi. Kwa mwanamke mwenye shida ya kutembea, uzuri wa mkongojo ni sehemu ya tiba. Mkongojo wa kukunja, wenye rangi ya kupendeza, unaoingia mkobani na usiomwaibisha mwenyewe mbele ya watu, ukitumiwa kila siku, una manufaa kuliko mkongojo imara kuliko yote uliosimama nyuma ya mlango. Mama anayeuliza kama upo wa rangi ya damu ya mzee haulizi utoto. Anamweleza daktari kama tiba hiyo ataitumia au hataitumia, na daktari mwenye akili atamsikiliza, kama vile anavyomsikiliza mgonjwa anayesema kidonge fulani kinamtapisha.

Huenda ukafikiri nakuza jambo dogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha wastani, yaani nchi kama yetu. Wanaokufa hivyo kwa wingi ni watu waliopita umri wa miaka 60. Kwa mwanamke, hatari ina sababu yake. Hedhi ikishakoma, homoni iliyokuwa ikiilinda mifupa hupungua, na mifupa huanza kuwa miepesi na dhaifu pasipo yeye kuhisi chochote. Mwanamke wa miaka 55 akianguka hutanguliza mkono, na mara nyingi huvunjika pale mkono unapoungana na kiganja. Atafungwa plasta, atalalamika kwa majuma sita, kisha atapona. Wa miaka 75 hawahi kutanguliza mkono. Huanguka kwa ubavu, na nyonga ndiyo inayopokea kishindo chote.

Nyonga iliyovunjika si kama mkono. Mgonjwa hulala chali akingoja upasuaji. Akingoja sana, ngozi ya mgongoni huanza kuoza kwa kulaliwa, mapafu huingia nimonia, na damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu. Hata katika nchi tajiri zenye hospitali za kila aina, karibu mzee mmoja kati ya watano wanaovunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kwisha. Wengine wengi hupona lakini hawatembei tena kama zamani. Mwalimu wangu alilala majuma matatu kabla ya kufanyiwa upasuaji, jamaa zake wakifanya mchango. Nilikwenda kumtazama wodini. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Kwa nini mwanamke aliyefundisha miaka 30, aliyewalea watoto na kuwazika wazazi wake, aogope kipande cha alumini? Nadhani jibu liko katika jinsi sisi wenyewe tunavyoitazama fimbo. Mwanamume wa Kenya akishika fimbo, heshima huongezeka. Mzee Jomo Kenyatta alitokea hadharani na bakora yake na mgwisho wake, na hakuna aliyeuliza kama goti lilimuuma. Rais Moi alitawala tangu 1978 hadi 2002 akiwa na rungu lake mkononi. Mzee wa Agikuyu alipopanda daraja la wazee alipewa haki ya kushika muthigi. Kule Pwani, muungwana wa zamani alitoka kwenda barazani akiwa amevaa kanzu na koti, na bakora ilikuwa sehemu ya vazi. Sasa mtafute mwanamke katika picha hizo. Hayupo. Fimbo ya mwanamke tunayoijua sisi ni ile ya bibi kizee aliyepinda mgongo, na katika vijiji vingine bibi huyo huongezewa na shutuma za uchawi.

Wazungu nao si hodari kutuzidi. Mwezi wa Oktoba 2021, Malkia Elizabeth II wa Uingereza, akiwa na miaka 95, alionekana akiingia Westminster Abbey na mkongojo, na magazeti ya dunia nzima yakaandika habari ya mkongojo badala ya habari ya ibada. Nililopenda zaidi ni jambo lililotokea Marekani mnamo Februari 2019. Mwigizaji Selma Blair, ambaye miezi michache kabla ya hapo alikuwa ametangaza kwamba anaugua maradhi ya neva yanayojulikana kwa kifupi kama MS, alihudhuria karamu ya usiku wa tuzo za Oscar akiwa na gauni la rangi nyingi na mkongojo mweusi uliotiwa herufi za jina lake. Hakuuficha nyuma ya gauni. Aliuvaa, kama mtu avaavyo hereni. Wakati huo alikuwa na miaka 46, umri usiotofautiana sana na wangu.

Hapo tuseme wazi kwamba jambo hili si la wazee pekee. Katika kliniki yangu nimewaona wasichana wa miaka 20 na kitu ambao selimundu imeharibu kichwa cha mfupa wa paja, kwa sababu damu haikufika huko ipasavyo. Nimewaona waliovunjika miguu kwa ajali za bodaboda, ambao vyuma vimewekwa lakini mguu mmoja umebaki mfupi. Wako wenye baridi yabisi ile inayoshika viungo vya vijana, na wako waliopata polio utotoni ambao sasa, wakiwa na miaka 50, misuli inazidi kudhoofika. Msichana wa namna hii akienda kazini na mkongojo wa hospitali huulizwa na kila mtu kwenye lifti: umefanya nini, utapona lini, umeombewa? Mmoja aliniambia kwamba siku aliyonunua mkongojo wenye maua, swali lilibadilika. Watu walianza kumuuliza ameununua wapi.

Basi mkongojo wa kukunja ni kitu gani hasa? Ni bomba jembamba la alumini lililokatwa vipande vinne au vitano, na ndani yake hupita kamba ya mpira inayovutika. Ukiuachilia, vipande hushikana vyenyewe kwa mlio wa tak, tak, tak. Ukiukunja, huwa na urefu wa kama rula ya shule, ukaingia mkobani pamoja na simu na kitambaa cha kichwa. Karibu na mpini au chini yake kuna kitufe na matundu ya kuongeza au kupunguza urefu. Chini kabisa kuna kiatu cha mpira. Mingine huwa na rangi moja, mingine hupambwa kwa maua au madoa kama ya chui, na mingine ina mpini wa mbao.

Faida yake kwa mwanamke wa mjini naiona katika matatu kuliko mahali pengine popote. Mkongojo wa kawaida ndani ya matatu ni balaa: huna pa kuuweka, abiria hujikwaa, utingo hulalamika. Wa kukunja huulaza mapajani. Ila nakuonya kuhusu jambo moja, kwa kuwa hapo ndipo nimesikia watu wakianguka. Usishuke kabla hujaukunjua. Mwambie utingo angoje, hata akipiga mabati na kukuita "haraka mama". Akiwa na haraka ya kwenda, wewe huna haraka ya kuvunjika. Ukunjue ukiwa bado umekaa, uvute kila kiungo uhakikishe kimeingia, kisha ndipo usimame.

Nitasema na kasoro zake, kwani sijaajiriwa na wenye maduka. Mkongojo unaokunjwa una viungo vitatu au vinne, na kila kiungo ni mahali panapoweza kulegea. Kamba ya ndani huzeeka. Ukitikisa mkongojo ukasikia unagongagonga, au kipande kimoja kikawa kinacheza, umekwisha kazi yake, hata kama rangi ingali inang'aa. Kila mkongojo pia una uzito wa mwisho unaoweza kubeba. Soma maandishi kabla ya kulipa, na kama hakuna maandishi yoyote, uache pale pale. Kiatu cha mpira kitazame kama unavyotazama gurudumu la gari. Mistari ikishafutika kikawa kipara, kibadilishe. Ni kitu cha bei ndogo.

Kuna pambo ninalolikataa pia. Mpini mwembamba unaong'aa kama fedha hupendeza dirishani, lakini mwenye vidole vilivyovimba hawezi kuushika kwa nusu saa. Mpini uliobandikwa shanga huteleza kiganja kikitoka jasho. Tafuta mpini mpana, unaojaa kiganjani, usiokuchoma popote unapouegemea. Rangi chagua utakayo.

Tena mkongojo huu haumfai kila mtu. Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, au anayehitaji kuegemea kwa uzito wake wote, anahitaji mkongojo wenye miguu minne au fremu ya kutembelea ya kushika kwa mikono miwili. Kumpa huyo mkongojo wa kukunja kwa sababu ni mzuri ni kumtegea mtego. Na jambo lingine: madukani utaona fimbo nyeupe zinazokunjwa. Hizo ni za wasioona. Zimetengenezwa kupapasa njia na kuwajulisha wenye magari, hazikutengenezwa kubeba uzito wa mtu. Usiinunue kwa kuwa ni rahisi, na ukichagua rangi ya mkongojo wako, epuka nyeupe, usije ukawachanganya madereva na kuwaharibia wengine alama yao.

Sasa kuhusu mkono. Nikipewa nafasi ya kusema neno moja tu katika ukurasa huu, ningesema hili: mkongojo hushikwa kwa mkono ulio mkabala na mguu mbovu. Goti la kulia likiuma, shika kwa mkono wa kushoto. Wengi hufanya kinyume, kama alivyofanya Mwalimu na mwavuli wake, na hata katika filamu utaona waigizaji wakikosea. Sababu yake si ngumu. Unaposimama kwa mguu mmoja, misuli ya ubavuni mwa nyonga hulazimika kuvuta kwa nguvu ili kiuno kisilale upande wa pili, na mvuto huo hukandamiza kiungo kwa nguvu zinazoweza kufikia mara mbili na nusu au tatu ya uzito wa mwili wako. Mkongojo ukiwa upande wa pili huisaidia misuli hiyo, na kiungo hupumzika. Ukiwa upande uleule, msaada huo haupatikani.

Haya si mageni. Mwaka 1956 daktari wa mifupa wa Marekani, Walter Blount, ambaye jina lake linakumbukwa kwa mshipi wa Milwaukee wa kunyoosha uti wa mgongo, alichapisha makala ya kuwasihi madaktari wenzake wasiutupe mkongojo. Ndani yake alipiga hesabu ya jinsi mkono unavyoipunguzia nyonga mzigo. Na mwaka 2012 watafiti wa Brazil walichapisha matokeo ya wagonjwa 64 wa magoti, waliogawanywa makundi mawili. Waliotumia mkongojo kila siku kwa miezi miwili walipungukiwa na maumivu na kufanya kazi zao vizuri zaidi kuliko wasioutumia. Mwanzoni kutembea na mkongojo kuliwachosha zaidi, lakini baada ya mwezi wakawa wamezoea. Nakwambia hilo ili usiukatae katika juma la kwanza.

Urefu hupimwa hivi. Vaa viatu unavyovaa kila siku, simama wima, mikono ininginie. Sehemu ya juu ya mpini ifike pale kwenye mkunjo unapofungia saa. Ukiushika, kisukusuku kikunjike kidogo tu. Mrefu mno utakupandisha bega hadi shingo iume. Mfupi mno utakuinamisha. Unapotembea, mkongojo na mguu mbovu huenda pamoja, kisha mguu mzima hufuata. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, na wakati wa kushuka mkongojo na mguu mbovu hutangulia. Kama kuna ukuta au chuma cha kushikia, kishike pia. Madaraja ya waendao kwa miguu juu ya barabara ya Thika ni mahali pa kukumbuka hayo. Ukipata nafasi, mtembelee mtaalamu wa fiziotherapia akutazame ukitembea kwa dakika kumi. Mkongojo usiopimwa waweza wenyewe kukuangusha, na hilo wanaouza hawalisemi.

Wala usiununue kabla hujajua kwa nini unayumba. Hapa nawaomba wasomaji wasinielewe vibaya. Kama umeanza kupepesuka mwezi huu na mwaka jana hukuwa hivyo, njoo utazamwe kwanza. Huenda ni dawa za presha zinazokushusha damu kupita kiasi unapoinuka kitandani. Huenda kisukari kimetia miguu ganzi hata huhisi ardhi. Huenda ni macho, ni upungufu wa vitamini B12, au ni kiharusi kidogo kilichopita usiku bila kujulikana. Mengine kati ya hayo hutibika kabisa, na mkongojo ungeyaficha.

Bei nayo ni jambo. Mikongojo ya kukunja niliyoiona Nairobi mingi imetoka ng'ambo, na kwa mama anayeuza mboga sokoni si kitu cha kununua bila kufikiri, ingawa haifikii hata sehemu ndogo ya gharama ya upasuaji wa nyonga. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na ya kupata vifaa vya kumsaidia. Kuna Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hutoa vifaa kwa waliojiandikisha, na kuna chama cha APDK kilichoanzishwa mwaka 1958, ambacho kinajua kazi hii kuliko duka lolote la urembo. Ukienda huko usione haya kusema unachokipenda. Neno "heshima" limeandikwa katika kifungu hichohicho.

Na mafundi wetu wako wapi? Wachongaji wa Wamunyu, huko Machakos, wamewachongea watalii bakora za kila namna, zenye vichwa vya twiga na simba, zikapelekwa Ulaya na kutundikwa ukutani. Mama zao wenyewe wanaegemea miavuli. Mimi ningependa kuwaona mafundi hao wakikaa pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia mchana mmoja, wajue upana wa kiganja chenye baridi yabisi, kisha watuchongee mipini ya mpingo au mzambarau ya kufungwa juu ya mabomba haya. Au watengeneze fimbo nzima isiyokunjwa, nyepesi, yenye kiatu cha mpira. Soko wanalo, linapita mbele yao kila Jumapili.

Wewe kijana unayesoma haya huku ukimfikiria mamako, nakuomba usimnunulie mkongojo kimya kimya na kumkabidhi mbele ya ndugu siku ya Krismasi. Atakushukuru na kuuweka nyuma ya mlango. Mpeleke dukani, au mletee picha kadhaa, umwache achague, hata kama atachagua ule unaouona una makeke. Ukiona amechagua unaofanana na mkoba wake wa kwendea kanisani, ujue mambo yameanza vizuri.

Mwalimu alitembea kwa fremu karibu miezi mitatu. Kisha bintiye akampeleka akachague, na yeye akachukua wa rangi ya damu ya mzee wenye mpini wa mbao. Mwezi uliopita alikuja kupimwa presha. Nilisikia tak, tak, tak kabla sijamwona. Alinieleza habari za harusi aliyohudhuria Machakos, aliyeoa, aliyeolewa, na chakula kilivyochelewa. Kuhusu mkongojo hakusema lolote.

Alipomaliza alirudi kukaa barazani kungojea dawa zake. Nilipotoka kumwita mgonjwa aliyefuata, nilikuta mkongojo uko mikononi mwa mama mwingine, mwenye mwavuli wa kijani ulioegemezwa kitini, naye anaujaribu taratibu kati ya viti huku Mwalimu akimwelekeza ashike kwa mkono upi. Ulikuwa mrefu kwake kwa matundu mawili. Nikaenda kuwaonyesha kitufe.